Mama aliyeruka kila gari liliporudi nyuma

Stendi ya daladala, saa moja asubuhi. Gari limejaa, konda kagonga bodi, dereva anaingiza rivasi ili achomoke katikati ya magari mengine. Mama aliyekaa jirani na mlango anainuka ghafla, anakanyaga miguu ya watu, anasukuma mlango mwenyewe na kuruka gari likiwa linatembea. Ndoo yake ya karanga inabaki ndani. Konda anamwita kichaa. Mama anakaa chini ukingoni mwa barabara, kanga imelowa jasho, na kwa dakika kadhaa hawezi kumjibu mtu anayemuuliza anakwenda wapi.

Kisa hiki huwa nakitumia kufundishia ushauri nasaha hapa Dodoma. Mama mwenyewe nimemtunga, maana siri za mtu aliyekuja kutibiwa si za kuanikwa. Ajali iliyompata sikuitunga. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam, yenye watu zaidi ya 1,200, ilianza kurudi nyuma kwenye mteremko mkoani Dodoma. Mwendo ukazidi, breki hazikuizuia, ikaenda kuigonga treni ya mizigo karibu na Igandu. Walifariki watu 281. Wenyeji wa huku waliokuwa watu wazima mwaka ule hawahitaji kukumbushwa.

Tumweke mama yetu ndani ya treni hiyo akiwa na miaka 26, amekaa na mdogo wake wa miaka 17. Anamtuma mdogo wake na chupa ya chai kwenda behewa la chakula, upande wa nyuma. Hamwoni tena. Yeye anatolewa na mkono uliovunjika, mkono unapona. Mwili wa mdogo wake hautambuliwi.

Kwa miaka 22 iliyofuata, ukimuuliza mtu wa mtaani kwao, angekuambia mama huyu ni mzima. Ameolewa, ana watoto watatu, anauza karanga na ubuyu sokoni Majengo, anaimba kwaya. Ni kweli kabisa, na hapo ndipo wanafunzi wangu wengi huteleza: wanatafuta mtu aliyeanguka, wakati mtu mwenye kiwewe mara nyingi ni yule anayetumia nguvu nyingi mno asianguke. Tazama anavyoishi. Hapandi gari bila kwanza kuangalia limeegeshwaje. Likiwa limeelekea ukutani, anasubiri litoke ndipo apande mbele ya safari. Siku nyingine anatembea kwa miguu kilomita tano na ndoo kichwani kuliko kukaa ndani ya gari litakalopiga rivasi. Msiba wa Mpwapwa hakwenda, alisema anaumwa. Harusi ya Manyoni hakwenda. Usiku anaweweseka na kurusha mateke, mume wake alihamia chumba cha watoto mwaka wa nne wa ndoa na hakuna aliyeona ajabu. Na tangu ajali ile, kwa maelezo ya watoto, mama hanywi chai. Uji, maji, togwa, lakini chai hapana.

Watu walimsaidia kwa namna walivyojua. Wazee walimwambia maji yakimwagika hayazoleki. Kanisani waliomba naye na kumwambia amwachie Mungu. Shangazi alimpeleka kwa mganga, akachanjwa. Mume alimwambia ajikaze. Sina ugomvi na yeyote kati yao. Maombi yalimpa watu wa kukaa nao, na katika siku za mwanzo kukaa na watu ni dawa kubwa kuliko tunavyokiri sisi tuliosomea kazi hii. Ila wote walikutana kwenye shauri moja, kusahau, na yeye akalitii kwa bidii. Alikwepa reli, alikwepa rivasi, alikwepa jina la mdogo wake. Kila alipokwepa alipata nafuu ya saa moja, na kila nafuu ilimfundisha mwili wake kwamba kile alichokikimbia kweli kingemuua.

Kisha kulikuwa na vidonge. Mtu wa duka la dawa alimpa diazepam mwaka 2003, akalala vizuri siku tatu, akarudi tena. Miaka imepita na bado ana pakiti kwenye kibubu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unashauri dawa za jamii hii zisitolewe kwa mtu mzima ili kutibu dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Zinalaza, lakini hazitibu kiwewe, na mtu akizizoea kuziacha ghafla ni hatari. Kwa mama huyu kazi ya kupunguza vidonge kidogo kidogo ilibidi afanye daktari, sambamba na mazungumzo.

Kilichovunja uzio wake ni kijana wake wa mwisho. Mwishoni mwa Julai 2024 treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma, na kijana, ambaye anasoma chuo Dar, akapiga simu kwa furaha: "Mama, safari hii nakuja na treni, saa chache tu nipo nyumbani." Mama akakata simu. Hakulala siku tatu. Alimpigia kijana usiku wa manane kumuuliza amekaa behewa la ngapi, na kijana alikuwa bado hosteli, hata tiketi hajakata. Hofu aliyoweza kuizungushia njia alipokuwa anajilinda mwenyewe haikuwa na njia ya kuzungukwa mtoto alipoingia humo.

Alifikaje kwa mshauri? Kwa njia ya presha, kama wengi. Muuguzi wa kliniki ya presha kwenye kituo cha afya aliona vipimo vinapanda na kushuka bila mpangilio, akauliza habari za usingizi, akauliza tena, akanyamaza akasubiri. Jambo la kwanza mama alilosema lilikuwa, "Sitaki kupelekwa Mirembe." Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, ipo hapa Dodoma tangu mwaka 1927, na nchi nzima imeligeuza jina lake kuwa utani. Mtu akikosea hesabu anaambiwa arudi Mirembe. Tunaoishi nayo jirani tunacheka pia, halafu tunashangaa kwa nini mtu anasubiri miaka 22. Muuguzi alimjibu kwamba hampeleki kokote, kuna mshauri anayekuja kituoni hapo kila Alhamisi, chumba cha mwisho karibu na chanjo.

Mshauri alikuwa binti wa miaka 31, mzaliwa wa Kagera. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Salamu hiyo imebeba tatizo zima: mkubwa hatoi machozi yake mbele ya mtoto, na mtoto hamhoji mkubwa. Binti alifanya jambo ninalolipenda. Alisema, "Mama, mimi sijui ulichokipitia. Ninachojua ni namna ya kukishika bila kukuunguza. Nitakuuliza maswali ambayo mtoto hapaswi kumuuliza mama yake, na ukisema basi, tunaacha." Ruhusa hiyo ya kusema basi mama aliitumia mara mbili katika matibabu yote.

Vikao viwili vya mwanzo vilikuwa vya kupima na kueleza. Jina la maradhi haya, PTSD kwa Kiingereza, liliingia rasmi kwenye kitabu cha uainishaji cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, ila mambo yenyewe ni ya kale, na Kiswahili tayari kina kiwewe, neno linalokaa jirani na kuweweseka. Mshauri anatafuta mambo manne: tukio linarudi lenyewe, kwa ndoto au kwa picha ya mchana, mtu anakwepa vinavyolikumbusha, amejibebesha imani nzito juu yake mwenyewe au dunia, na mwili unakaa kwenye zamu saa zote, unashtuka mlango ukigongwa. Hayo yadumu zaidi ya mwezi na yamharibie maisha. Mwezi huo si urasimu. Wengi waliotoka kwenye ajali mbaya huweweseka wiki za kwanza kisha hutulia wenyewe, wakiwa na ndugu, chakula na usalama. Kumshurutisha mtu kusimulia kila kitu siku ya pili baada ya ajali, kama tulivyofundishwa zamani, hakumkingi na kiwewe, na Shirika la Afya Duniani halishauri. Mama yetu alikuwa na yote manne, na miaka 22.

Ilipofika kupima ukubwa wa hofu, binti alitaka namba, sifuri hadi kumi. Mama akamtazama tu. Ni mfanyabiashara wa karanga, kumi ya nini? Wakakubaliana vipimo vya sokoni: hofu ya kikombe, ya kisado, ya nusu debe, ya debe zima. Rivasi ni debe. Honi ya treni ya mbali, nusu debe. Kutaja jina la mdogo wake, debe na la pili linaanza kujaa.

Ziko njia kadhaa za kutibu kiwewe zenye ushahidi. Ipo ya Edna Foa ya kukabili kumbukumbu na mazingira hatua kwa hatua, kwa kawaida vikao 8 hadi 15. Ipo ya macho kufuata mkono, aliyoianzisha Francine Shapiro mwaka 1987. Ipo ya kusimulia maisha yote kwa mpangilio, iliyoundwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert huko Ujerumani kwa ajili ya watu waliopita kwenye vita na ukimbizi. Hii ya mwisho ilijaribiwa na wakimbizi wa Sudan kambini nchini Uganda, matokeo yakachapishwa mwaka 2004, na kwa mazingira yetu naipenda kuliko nyingine, kwa sababu inamtaka mtu afanye kile ambacho bibi zetu walikifanya jioni: asimulie, kuanzia mwanzo.

Unatandaza kamba sakafuni. Kamba ni maisha. Jiwe ni tukio baya, ua ni jema, na sehemu ya kamba inabaki imekunjwa, ndiyo miaka ambayo haijafika. Binti alileta kamba ya katani na mawe, ambayo Dodoma hayajawahi kuadimika, na maua ya plastiki. Mama akayasukuma maua pembeni. "Maua ni ya kaburini, mwanangu." Akafungua fundo la kanga na kuweka karanga. Karanga mahali alipozaliwa, karanga siku alipobatizwa, karanga mbili kwa mdogo wake kuzaliwa, kwa sababu yeye ndiye aliyembeba mgongoni. Jiwe dogo kwa njaa ya utotoni. Kisha akachukua jiwe kubwa kuliko yote na kuliweka, si mwaka 2002, bali mwishoni kabisa mwa kamba, pale alipoketi leo.

Nawaomba wanafunzi wakae na jiwe hilo kwa muda. Hajakosea mahali. Ametuonyesha ugonjwa wenyewe. Kwake ajali haijapita, iko siku ya leo, kwa sababu kumbukumbu iliyoingia wakati wa kitisho kikubwa haikupangwa kwenye foleni pamoja na nyingine. Imebaki vipande: kelele za chuma, harufu ya mafuta, tumbo linalohisi kwenda kinyume. Kipande kimoja kikiguswa, vyote vinaamka bila tarehe. Sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari haina kalenda.

Kazi ya vikao vilivyofuata ilikuwa kulisukuma jiwe lile mpaka kwenye mwaka wake. Hadithi ilianza mbali, kwa bibi yao kijijini. Ilipokaribia treni, mwendo ukapunguzwa kabisa: umekaa upande gani, jua liko wapi, nani amekaa mbele yako, mkononi una nini, mwili unahisi nini, na sasa hivi hapa chumbani mwili unahisi nini. Mama alipofika penye chuma kugongana Kiswahili kilimkimbia, akasimulia kwa Kigogo, na binti wa Kagera hakuelewa neno. Hakumkatiza. Alimwacha amalize, kisha akamwomba arudie kwa Kiswahili, polepole. Kurudia huko, naamini, kulifanya nusu ya kazi.

Kikao cha nne kiliharibika, na kosa lilikuwa la mshauri. Zilibaki dakika kumi, akauliza habari za kutambua maiti. Muda ukaisha mama akiwa katikati ya miili. Akaondoka na kidonda wazi. Usiku ule ulikuwa mbaya kuliko wowote wa miaka ya karibuni, na wiki mbili hakuonekana. Kikao cha kiwewe hakifungwi kwa saa ya ukutani, kinafungwa mtu akiwa amerudi: leo ni Alhamisi, mwaka ni 2024, uko Dodoma, nyumbani jioni unapika nini. Binti alimfuata sokoni, akanunua karanga, akaomba radhi bila kujitetea. "Nilikukimbiza, mama." Mama akarudi Alhamisi iliyofuata. Hapo niseme wazi: mtu kuzidiwa kidogo katikati ya matibabu ni kawaida, lakini ule haukuwa ukawaida, ulikuwa uzembe.

Kikao cha sita ndicho ninachokisoma kwa sauti darasani. Imani aliyoibeba mama kwa miaka yote ilikuwa sentensi moja: nilimtuma nyuma. Treni ilirudi nyuma, mabehewa ya nyuma ndiyo yaliyogonga, na yeye ndiye aliyemtuma huko. Ndugu walishamwambia mara mia kwamba si kosa lake, na mara mia haikusaidia, maana huwezi kumtoa mtu hatia kwa kumbembeleza. Binti hakumwambia lolote kuhusu kosa. Alikuwa anafuata mpangilio tu.

"Ulipompa chupa ya chai, treni ilikuwa inafanya nini?"

"Inakwenda."

"Inakwenda wapi?"

Mama akanyamaza muda mrefu. Akaangalia kamba. "Dodoma," akasema. "Inakwenda mbele." Kisha, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine: "Ilikuwa bado inakwenda mbele."

Katika kumbukumbu yake ya vipande, mambo mawili yalikuwa yameshikana: anamtuma mdogo wake nyuma, na treni inarudi nyuma. Kwa miaka 22 alijiona anamtuma mtoto kwenye mabehewa yanayokwenda kugonga. Mpangilio uliporudi, kati ya chupa ya chai na hatari ukatokea muda, na ndani ya muda ule alikuwa msichana anayetaka chai asubuhi. Alilia kikao kizima. Hakuacha kuhuzunika, lakini sentensi ile hakuisema tena namna ileile.

Baada ya hapo ndipo rivasi iliweza kufanyiwa kazi. Mpwa wake ana bajaji, wakaenda kiwanja cha mpira jioni. Bajaji mbele mita kumi, nyuma mita kumi. Mara ya kwanza debe zima, mama ameshika chuma hadi vidole vimebadilika rangi. Sharti lilikuwa moja: hashuki hofu ikiwa juu, anakaa mpaka ishuke yenyewe. Ikashuka hadi nusu debe. Mara ya nne, kisado. Watoto waliokuwa wakicheza walidhani mama anajifunza kuendesha, wakaanza kumshangilia. Wiki ya tatu alipanda daladala lililoegeshwa likielekea ukutani. Dereva alipoingiza rivasi alifumba macho, akataja tarehe ya siku hiyo kimoyomoyo, akabaki. Vikao vyote kwa jumla vilikuwa 11.

Kuna jambo ambalo tiba haikuligusa. Mdogo wake hana kaburi linalojulikana, na matanga hayakuanuliwa kwa sababu mama alikataa, akitumaini. Huo si ugonjwa, ni msiba, na mshauri mwenye akili hujua pa kusimama. Familia iliitana, mjomba akaongoza, sanduku la nguo la msichana yule likafunguliwa, wakagawana zilizokuwamo. Binti wa Kagera hakualikwa, na hakupaswa kualikwa. Mume alisema siku hiyo, "Nilidhani ndivyo alivyo," na amerudi chumbani. Mateke yapo bado, mara moja moja.

Wanafunzi huniuliza wataalamu wa hivyo tutawapata wapi. Si lazima wote wawe wataalamu. Kwenye jaribio jingine la njia hiyohiyo huko Uganda, lililochapishwa mwaka 2008, wasimuliaji walihudumiwa na watu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo moja. Huko Moshi na Bungoma, Kenya, watoto 640 waliofiwa na wazazi waliingizwa kwenye utafiti wa tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, iliyotolewa na washauri wasio na taaluma ya afya ya akili, waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu. Neno zito hapo ni kusimamiwa. Binti yetu asingekuwa na mtu wa kumpigia baada ya kikao cha nne, angempoteza mama.

Kijana alikuja Desemba, kwa treni. Mama alimsubiri nyumbani, si stesheni. Yeye mwenyewe hajaipanda na anasema hana mpango nayo, na hilo liliandikwa kwenye faili kama uamuzi, si dalili.

Kikao cha mwisho binti alikuwa na jambo moja lililobaki kwenye karatasi yake, alilolizungushia duara tangu wiki ya kwanza. "Mama, na chai? Watoto wanasema hujanywa chai tangu ajali."

Mama akacheka mpaka akashika meza. "Chai? Nina vidonda vya tumbo, mwanangu. Tangu nilipomzaa huyu wa pili."

Binti akalikata jambo lile kwa mstari.